Mnamtukana binti wa watu kwa kutinda nyusi, na ndevu zenu mmezichonga kwa mashine

Wanajamvi, salaam. Leo nimekuja na hasira na sitazificha. Mimi ni mwanamke Kalasinga, yaani Sikh, mzaliwa wa Kisumu, makazi Nairobi. Nimekunywa amrit, yaani nimebatizwa, na nywele zangu hazijui mkasi. Nyusi sitindi. Nayasema haya mapema kwa sababu najua kuna watakaokimbilia kusema "huyu anajitetea mwenyewe". Sijitetei. Hili jambo limenifika kooni.

Kuna binti wa jamii yetu anayefundisha urembo mtandaoni. Jina lake silitaji, limeshaburutwa vya kutosha. Wanaomfuata wanaijua kazi yake. Anawapamba mabibi harusi wa rangi yetu, wale wanaoingia dukani wakakuta fandesheni zote ama zimepauka ama zinawageuza wekundu. Anaonyesha namna ya kuchanganya rangi mbili mpaka uso ulingane na shingo. Anaonyesha pa kuweka pini ili chuni, yaani mtandio, isiteleze kichwani wakati maharusi wanamzunguka Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, mara nne, na wanja upi hauchuruziki bibi harusi akilia wakati wa kuagwa kwao. Kazi safi, ya heshima, inayolisha nyumba. Halafu akaweka video moja akitinda nyusi zake kwa uzi, akieleza namna ya kuondoa kidogo bila kuharibu umbo. Video fupi tu, na kosa lake likawa hilo.

Nimeyasoma maoni ya chini yake na mikono ikatetemeka. "Malaya." "Toa jina la Kaur, hulistahili." (Kaur ni jina la wanawake wetu, kama Singh kwa wanaume.) "Unawafundisha dada zetu ukahaba." Kuna aliyechukua picha ya familia ya binti huyo, waliyopiga siku ya Vaisakhi, sikukuu yetu, akamzungushia baba mtu duara jekundu kwenye kilemba na kuandika kwamba mzee huyu ndiye aliyeshindwa kulea. Picha ikavuka hadi kwenye makundi ya WhatsApp, na huko kina mama wazima, watu wa kusali asubuhi na jioni, wakaanza kuulizana kama kuna familia itakayokuja kumposa tena. Nikaamua kufungua ukurasa wa yule aliyeandika "malaya". Kijana mtanashati, kilemba cha bluu kimekaa vizuri, na ndevu zake zimenyolewa mashavuni, mstari umenyooka kutoka sikioni hadi kidevuni. Mstari ule haujichori wenyewe. Ule ni mkono wa kinyozi, na huwa anaurudia kila wiki.

Kwa ndugu zangu wa jamvini msiotujua sana, zaidi ya pale kwenye gurdwara (hekalu letu) la Makindu mnaposimama mkielekea Mombasa mkapewa chai na chakula bila kuulizwa dini wala kabila, niwaeleze kidogo. Kutokata nywele, kesh kama tunavyoita, ni nguzo kwetu. Kanuni ya maisha ya Sikh, Rehat Maryada, iliyopitishwa kule Amritsar mwaka 1945, imeliweka suala la kukata nywele katika makosa makubwa kwa aliyebatizwa, safu moja na zinaa na tumbaku. Na haisemi nywele za kichwani peke yake. Ndevu zimo, nyusi zimo, za mkono zimo. Kwa hiyo sijaja hapa kudai kwamba kutinda nyusi kunaruhusiwa. Sheria ipo na mimi mwenyewe naishi chini yake kwa hiari yangu.

Ila sheria hiyo inamhusu mwanamume na mwanamke sawasawa. Hakuna kifungu kinachosema ndevu za kiume zipunguzwe kidogo ili zipendeze kwenye picha. Nenda harusi yoyote ya Wakalasinga hapa Nairobi, hesabu wanaume waliopitia kwa kinyozi. Bwana harusi mwenyewe Ijumaa alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, Jumamosi ameketi mbele ya Guru na watu wanampongeza alivyopendeza. Wapo waliokata nywele zote kabisa na kilemba wanakivaa siku ya sherehe tu. Nimewahi kuona mtu akiwaandikia hawa kwamba watoe jina la Singh? Nimewahi kuona baba zao wakizungushiwa duara jekundu? Sijaona. Wao tunawaambia "taratibu, iko siku atarudi". Binti akigusa nyusi, ni malaya.

Na kama kweli tumeamua kusimamia kanuni, basi tuisome yote. Kanuni hiyo hiyo inakataza kutoboa pua na masikio kwa ajili ya mapambo, wanaume kwa wanawake. Wale kina mama wa kwenye kundi wana hereni za dhahabu zinazofika karibu na bega. Kanuni hiyo hiyo inasema mwanamke haifai kuuficha uso wake kwa mtandio. Inasema pia kilemba kwa mwanamke ni hiari yake, lakini kuna wanaomsimanga binti huyu eti angalau angefunga kilemba. Tena kanuni hiyo hiyo inamkataza Sikh kumuua binti yake, na inamkataza hata kushirikiana na mtu aliyemuua wake. Kule Punjab, sensa ya mwaka 2001 ilikuta wasichana 798 kwa kila wavulana 1,000 wenye umri wa chini ya miaka saba. Mwaka 2011 walikuwa 846. Wengi wa waliokosekana walitolewa tumboni baada ya mashine ya ultrasaundi kuonyesha kwamba ni wa kike. Lile lilikuwa janga la kutufanya tusilale, na kelele zake hazikufikia hata robo ya hizi ninazozisikia leo kwa sababu ya nyusi.

Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu, alishauliza, katika utenzi wa Asa di Var tunaoimba gurdwara alfajiri, vipi tumwite duni yule ambaye wafalme huzaliwa kwake. Tunaimba kwa sauti tamu, tunatoka nje, tunavaa viatu, tunashika simu.

Sasa nije kwenye lile linaloniumiza zaidi, kwa sababu hapa ndipo mabinti zetu wanapobanwa pande zote mbili. Mwaka 2012, mtu mmoja kule Marekani alimpiga picha mwanafunzi wa Sikh, Balpreet Kaur, akiwa uwanja wa ndege na kilemba chake na nywele za usoni, akaitupa kwenye mtandao wa Reddit watu wacheke. Yeye akajibu kwa upole kwamba mwili wake ni zawadi na hataki kuubadilisha, na aliyemkejeli akamwomba radhi hadharani. Jamii nzima ilijivuna. Uingereza yuko Harnaam Kaur, mzaliwa wa Slough, mwenye tatizo la homoni ambalo madaktari huliita PCOS. Ndevu zilianza kumwota akiwa bado mtoto wa shule. Alitaniwa, akatishiwa, akawa ananyoa na kujificha, hadi alipofika miaka 16 akaingia katika dini kwa ubatizo na kuacha kunyoa. Baadaye Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wakamwandika kuwa mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wote aliye na ndevu kamili, na akapita jukwaani kwenye maonyesho ya mitindo London. Yeye naye tunamsifu. Tunasambaza picha zake.

Lakini hebu niambieni ukweli, nyie mnaosambaza hizo picha. Mwanao wa kiume akitafuta mke, mtamletea msichana mwenye ndevu? Mwenye masharubu ya kuonekana? Nawajua. Nimekaa kwenye vikao vya kuposa. Nimesikia mama wa kijana akiinama kumnong'oneza mwenzake, "Msichana ni mzuri, ila huo mdomo wa juu..." na chai ikaendelea kunywewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba PCOS inawapata wanawake kati ya asilimia 6 na 13 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kama wanayo. Maana yake katika kila gurdwara, kila Jumapili, wapo mabinti walioketi pale wakiwa na nywele za kidevuni ambazo hawakuziomba. Akiziacha, shuleni anaitwa mwanamume na nyumbani anaambiwa hataolewa. Akiziondoa, anaambiwa amemsaliti Guru. Wanaomwambia la kwanza na wanaomwambia la pili ni watu wale wale.

Jambo lingine mnalolisahau ni kwamba dini yetu ina utaratibu wa kushughulikia aliyekosea, na mitandao haimo. Aliyebatizwa akavunja kanuni anakwenda mwenyewe mbele ya kusanyiko, anasimama amekunja mikono, anakiri. Anapewa adhabu inayoitwa tankhah, na kanuni inaelekeza adhabu hiyo iwe ni utumishi, hasa wa kufanya kwa mikono: kuosha vyombo, kufuta viatu vya waumini, kufagia. Kanuni inaongeza kwamba kusanyiko lisiwe gumu kusamehe. Desemba 2024, Sukhbir Singh Badal, mtu aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu wa jimbo la Punjab, aliadhibiwa na Akal Takht, mamlaka ya juu ya dini yetu, kwa makosa ya serikali yao. Alikaa mlangoni kwenye Hekalu la Dhahabu na mkuki mkononi na kibao shingoni, akaosha vyombo jikoni. Mwanasiasa mzito kama yule alipewa sahani za kuosha. Huyu binti wa watu, ambaye sina hakika hata kama alishabatizwa, mmempa nini? Mmempa matusi ya nguoni na vitisho vya kumsubiri nje ya saluni. Aliyewapa nyie mamlaka ya Panj Piare, wale watano wanaobatiza na kutoa adhabu, ni nani?

Msiniambie ni maneno tu ya mitandaoni. Juni 2025, kule Bathinda, Punjab, mwanamke aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Kamal Kaur alikutwa amekufa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali. Polisi walisema aliuawa na watu waliojipa kazi ya kulinda maadili, kwa sababu ya video zake. Video zake mimi nisingeziangalia na watoto wangu, na hilo halibadilishi kitu: alikuwa binadamu na mtoto wa mtu. Na kwenye simu yangu hii hii niliona watu wa jamii yetu, wengine wanaishi hapa hapa Afrika Mashariki, wakiandika kwamba alistahili. Ilianza na maneno kama haya haya ninayoyasoma leo: toa jina la Kaur, unatuaibisha, kuna siku utapata. Kwa hiyo nikiona kijana anamwandikia binti wa Nairobi "tunajua saluni yako", silichukulii kama utani wa vijana. Limepigwa picha, limehifadhiwa, na nimemshauri baba yake alifikishe kituo cha polisi.

Ninachotaka ni hiki. Wasimamizi wa makundi yetu, ile picha ya familia itolewe na aliyeileta aondolewe, hata kama ni mtu wa kamati, hata kama anachangia langar, chakula cha bure cha gurdwara, kila mwezi. Viongozi wa gurdwara walizungumzie Jumapili, kwa kipaza sauti, kama wanavyozungumzia maegesho ya magari na viatu kupotea. Wasiseme kwa mafumbo, waseme kwamba kumwita mwanamke malaya kwa sababu ya nyusi ni kosa. Na kina mama wenzangu, huyu ni mtoto wetu. Amewapamba mabinti zetu, wengine kwa nusu bei kwa sababu alijua hali ya nyumbani. Kama unaona amekosea, unaijua nyumba yao, nenda ukanywe naye chai umweleze kwa mapenzi. Mimi nimekwenda. Nilimkuta amefunga pazia mchana na simu ameizima, na mdogo wake wa miaka 13 amekaa kando yake akiuliza kama yeye naye akikua watu watamwandikia hivyo.

NYONGEZA: Nimepata ujumbe mwingi faragha tangu niweke uzi huu. Wanaoniita msaliti nimewaona, sina la kuwajibu. Lakini yupo kaka mmoja aliyeandika kwa adabu, nami nitamjibu hapa kwa sababu najua mna mawazo kama yake. Anasema yeye hupunguza ndevu kwa ajili ya kazi, eti wateja wake hawamwamini mtu mwenye ndevu ndefu, na kwamba moyoni anajisikia vibaya kila akifanya hivyo. Kaka yangu, nakuamini. Sikuhukumu, na Guru anaujua moyo wako. Lakini huyu binti naye ana wateja, na mteja wake humtazama usoni kabla hajafungua pochi. Huruma unayotaka tukupe wewe ni ile ile uliyomnyima, maana nimeliona jina lako pale chini ya video, maoni ya tatu kutoka juu. Radhi usiniombe mimi huku faragha. Iandike pale pale ulipomtukania, kwa jina lako, ili wenzako waisome.