Ushauri: Goti limeachia, zimebaki mechi mbili tupande daraja, kocha anataka nichomwe sindano nicheze

NambaMbili
Wakuu, habari za usiku. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo imenibidi niandike kwa sababu sina wa kumwambia. Wenzangu nalala nao chumba kimoja kambini, nikimwambia mmoja nimewaambia wote.

Nina miaka 26, ni beki wa kulia kwenye timu moja ya Championship, naomba nisiitaje. Zimebaki mechi mbili, tukishinda zote tunapanda Ligi Kuu moja kwa moja. Timu hii haijawahi kucheza Ligi Kuu. Mji mzima hauna habari nyingine. Nikienda kununua vocha naulizwa goti, nikitoka msikitini naulizwa goti.

Siku 16 zilizopita, mazoezini, niligeuka kumfuata winga, mguu ukabaki kwenye nyasi, mwili ukaenda. Nikasikia "ta!" ndani ya goti. Nilidhani nimepigwa teke, nikageuka, nyuma hakuna mtu. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limejaa kama embe. Daktari hatuna, tuna mchua misuli. Akaweka barafu, akasema ni maji tu yatakauka. Wiki iliyofuata uvimbe ulipungua, nikachomwa sindano, nikacheza. Dakika ya 58 nikaanguka peke yangu, sijaguswa na mtu. Sasa hivi nikishuka ngazi nashika ukuta.

Kocha ndiye aliyenitoa mchangani. Mwaka 2018 nilikuwa nabeba zege, akaniona kwenye ndondo, akanipa daluga zake mwenyewe na kunilisha kwake miezi saba. Juzi alikuja akakaa kitandani kwangu. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Alisema: "Mwanangu, nipe dakika 180, baada ya hapo nitakutibu mwenyewe." Nahodha naye kanitumia ujumbe wa sauti, sauti inatetemeka. Ana miaka 34 na hajawahi kugusa Ligi Kuu. Anayekaa benchi nafasi yangu ni kijana wa miaka 18.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Nikikataa, nani atanisajili nikiwa na goti bovu na jina la msaliti? Nikikubali, sijui. Mechi ni Jumamosi. Nipo tayari kusikia lolote.

KiungoMstaafu
Mdogo wangu, nilipofika kwenye hiyo "ta" niliweka simu chini kwanza.

Hiyo sauti niliisikia mwaka 2009. Mimi pia niliambiwa maji. Nilicheza mechi nne kwa bandeji na sindano, tukachukua kombe, nikabebwa juu juu uwanja mzima. Ile siku sitaisahau, nakiri, na sitakudanganya kwamba haikuwa tamu. Usajili ulipofunguliwa jina langu halikuwemo. Nikaenda kuuliza, nikaambiwa "goti lako, ndugu." Goti lile lile walilonibembeleza nilivumilie.

Leo nina miaka 41. Naendesha bajaji kwa sababu bodaboda inataka mguu wa kukanyaga chini na mimi wangu hauaminiki. Naswali nikiwa nimekaa kwenye kiti, nyuma, pamoja na wazee. Mwanangu akileta mpira namwambia kesho.

Sitaki umchukie kocha wako. Wangu alinipenda kweli, alilia siku nilipoachwa. Lakini mapenzi yake hayakuwa na bajeti ya upasuaji. Wako amesema atakutibu mwenyewe. Muulize kwa heshima zote: hospitali gani, kwa fedha ya nani, na mkataba wangu ukiisha Juni ahadi hii inabaki kwa nani?

DamuYaJezi
Naona nitakuwa peke yangu upande huu, lakini nasema ninachoamini.

Mpira ni maumivu. Hakuna mchezaji anayemaliza msimu akiwa mzima asilimia mia. Mwaka 1970 kule Mexico, Beckenbauer aliteguka bega kwenye nusu fainali dhidi ya Italia, akafungwa mkono kifuani, akaendelea hadi muda wa nyongeza ukaisha. Ujerumani Magharibi walifungwa 4-3, lakini ile picha ya mkono uliofungwa bado inatajwa leo, miaka zaidi ya 50.

Na tuwe wakweli kuhusu maisha yetu. Mchezaji wa Ligi Kuu na mchezaji wa Championship hawalipwi sawa wala hawaonekani sawa. Timu ikipanda, thamani yako inapanda. Ukikaa nje mwezi wa mwisho, wenzako wakapanda bila wewe, nani atakumbuka jina lako? Nahodha wa miaka 34 hana mwakani. Hilo nalo ni deni.

MtaalamuViungo
Mimi ni mtu wa fiziotherapia, kazi yangu ya kila siku ni magoti. Siwezi kumpima mtu kupitia maandishi, na yeyote atakayefanya hivyo usimwamini. Ila ulichoandika kina mambo matatu yanayonitia wasiwasi yakikaa pamoja: mguu kubaki mwili ukageuka na sauti ikasikika, uvimbe kujaa ndani ya saa chache, na goti kuachia bila kuguswa. Hivyo ndivyo wanavyoeleza watu wengi waliokatika ligamenti ya katikati ya goti, ile inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele. "Maji" ni dalili. Kuna kitu kimeyaleta.

Uvimbe ukipungua watu hudhani wamepona, lakini ligamenti hiyo ikikatika kabisa kwa kawaida haijiungi yenyewe. Na kila goti linapoachia, mifupa inasagana na ile gegedu ya katikati inachanika. Leo huenda una jeraha moja linaloweza kurekebishwa. Baada ya dakika 180 unaweza kuwa na matatu, mojawapo lisilorudi. Beckenbauer alikuwa na bega, ndugu DamuYaJezi, na nafasi za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimekwisha. Beki wa kulia anageuza goti kila baada ya sekunde chache.

Sindano: uliza ni dawa gani, waandike jina. Tangu Januari 2022, dawa za jamii ya kotisoni kwa sindano, hata ya ndani ya goti, haziruhusiwi kipindi cha mechi chini ya kanuni za dunia za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Tramadol, dawa kali ya kutuliza maumivu, imeongezwa Januari 2024. Ukikutwa nayo, anayefungiwa ni wewe. Mchua misuli atabaki na kibegi chake. Hata diklofenaki za kumeza kila siku zina bei yake, tumbo na figo. Daniel Agger, beki aliyecheza Liverpool, alitundika daluga mwaka 2016 akiwa na miaka 31, na baadaye alieleza wazi kwamba alimeza dawa za kutuliza uvimbe kupita kiasi kwa miaka ili aendelee kucheza.

Omba kipimo cha MRI kabla ya Jumamosi, na daktari wa mifupa akushike goti kwa mikono yake. Usipopata mkoani, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanafanya upasuaji wa matundu wa magoti, huna haja ya kuwaza India. Ukihitaji upasuaji, jiandae kwa miezi tisa au zaidi kabla ya mechi. Wanaorudi mapema zaidi ya hapo huumia tena kwa wingi.

NambaMbili
Asanteni sana. Mtaalamu, nitasema ukweli. Sijaomba kupimwa kwa sababu naogopa. Nikijua, nitacheza vipi tena? Sasa hivi naweza kujidanganya ni maji.

Na DamuYaJezi, usijione peke yako. Unayosema ndiyo yananiamsha saa nane za usiku.

MamaMapacha
Mdogo wangu, nimeolewa na mchezaji miaka 11. Umeandika mengi, umetaja kocha na nahodha na mtu wa vocha. Mkeo umemtaja kama mzigo wa kulishwa tu. Umemwambia?

Mume wangu alikatika kano ya kisigino tukiwa na watoto wa miezi minne. Viongozi walikuja hospitali siku ya kwanza na juisi na wapiga picha. Siku ya tisa nilikuwa mimi na mama mkwe. Aliyemshika kwenda chooni ni mimi. Basi na mimi nilistahili kuulizwa kabla hajaingia uwanjani na maumivu, na hakuniuliza. Nilimsamehe, ila mpaka leo najua hakuniuliza.

Mpigie leo.

WakiliWaKata
Kwa kifupi upande wa karatasi. Kuumia peke yake si sababu halali ya klabu kukuvunjia mkataba. Mchezaji mwenye mkataba wa ajira ni mfanyakazi, na Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake analipa mwajiri. Uliza kama klabu imesajiliwa na inachangia. Toa taarifa ya kuumia kwa maandishi, weka tarehe, taja kwamba ni mazoezini, baki na nakala yenye mhuri au hata picha ya ujumbe uliomtumia katibu. Mkataba wako unaisha Juni, kwa hiyo hiyo tarehe ni muhimu kuliko unavyofikiri. Ukikwama kuna SPUTANZA, chama cha wachezaji, na kuna Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF. Ahadi ya kitandani, hata ya mtu mwema, haina pa kupelekwa.

ShabikiWaJukwaaniMashariki
Mimi sijacheza popote, ni mtazamaji. Ila nataka kusema juu ya hili neno msaliti.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2014, Lisbon. Diego Costa, mshambuliaji wa Atlético Madrid, alikuwa na paja bovu, alikwenda mpaka Belgrade kutafuta tiba ya haraka, akaanza mechi. Dakika ya 9 akatoka. Timu ikapoteza nafasi moja ya kubadilisha mchezaji mapema kabisa, na usiku ule wachezaji wa Atlético waliishiwa pumzi. Ramos wa Real Madrid akasawazisha dakika za majeruhi, na baada ya muda wa nyongeza ikaisha 4-1 kwa Real. Kocha wa Atlético, Simeone, mwenyewe alikubali kuwa alikosea. Kila mtu alikuwa na nia njema.

Mwaka huohuo, fainali ya Kombe la Dunia. Di María wa Argentina alikuwa ameumia paja robo fainali. Klabu yake ikatuma barua kutaka asicheze, akaichana bila kuisoma. Alitaka achomwe sindano aingie. Lakini alimfuata kocha Sabella akamweleza hali yake yote, huku analia, akamwachia yeye aamue. Sabella akampanga Enzo Pérez. Argentina walifungwa 1-0, na Di María sijasikia anaitwa msaliti hata siku moja. Mwaka 2021 alifunga bao pekee la fainali ya Copa América, na mwaka 2022 akafunga kwenye fainali ya Kombe la Dunia, Argentina wakachukua.

Wewe ulicheza dakika 58 ukiwa umeficha. Yule kijana wa miaka 18 aliingizwa hajapasha vizuri, hajajiandaa, mpira unachezwa. Ungemwambia Jumatano angekuwa na siku tatu.

DamuYaJezi
Hili la kijana sikuwa nimeliwaza. Bado naamini mchezaji anapaswa kuvumilia, na sitabadilika kwenye hilo. Lakini kuvumilia na kuficha si kitu kimoja, na goti linaloachia bila kuguswa haliwezi kumkaba winga. Ndugu NambaMbili, kama ni hivyo mwambie kocha kabla hajapanga kikosi.

NambaMbili
Wakuu, nimerudi. Leo ni Alhamisi.

Nilimpigia mke wangu kwanza. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema alijua toka siku ile nilipomwambia nimeteleza bafuni. Akaniuliza kama naweza kumbeba mtoto kwenye ngazi za kwetu. Tunakaa ghorofa ya pili.

Jioni nikamwita kocha, na nahodha awepo. Nikawaonyesha: nikasimama kwa mguu mmoja, nikageuka, goti likaachia mbele yao, nahodha akanidaka. Nikasema, "Mwalimu, siwezi. Ningeweza ningekupa." Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kocha alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za kambi kama robo saa. Nahodha hakusema kitu, alinishika kichwa tu akaondoka. Kuna kiongozi mmoja tangu asubuhi haitikii salamu yangu, na posho ya kambi sijapewa. Hilo linauma, sitaficha.

Barua nimempelekea katibu, nakala yenye mhuri ninayo. Kipimo ni Jumatatu, Dar. Matokeo nitawaletea, yawe yoyote.

Kocha aliporudi ndani aliniuliza swali moja: winga wao wa kushoto akipewa mpira anapenda kuingia ndani au kwenda pembeni? Nimecheza naye mara tatu, namjua. Akasema basi nenda kakae na mdogo wako.

Nipo naye sasa hivi, tunaangalia video za huyo winga kwenye simu yangu. Anauliza maswali mazuri.