ATI MIMI NDIYE MWIZI??? Huyu bwana wa skana kanifika hapa

Wanabaraza, mniwie radhi, leo sina salamu. Yule bwana wa skana, mnamjua nyote, yule asiyekunywa kahawa mpaka aipige picha kwanza, leo kaniita mwizi. Mkunguni, uwanja wetu hapa Lamu. Mchana kweupe. Hata jamaa anayenidai alikuwepo!

Kosa langu? Nimetuma kwa ndugu zangu ukurasa wa gazeti la 1962, habari za majahazi ya boriti, na picha ya babu yangu kasimama tezini. Gazeti lenyewe limetoka kashani mwa bibi yangu. Huyu bwana alikuja kuliazima tu! Kalipiga skani, kisha kabandika jina lake juu kwa herufi nyeupe kona hadi kona. O moja imemkaa babu jichoni kama miwani. Halafu mwizi ni mimi.

“Hiyo ni hakimiliki yangu, nitakupeleka mpaka Nairobi.” Mbele za watu! Mwizi! Wa babu yangu mwenyewe! Na kahawa aliyokuwa akinywa nimelipa mimi.

KofiaYaVito: Kahawa ulimlipia? Basi hapo una kesi.

MwanaLangoni: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yataka mtu awe ametia juhudi ya kutosha kuipa kazi upya wake. Kubonyeza kitufe cha skana si kutunga. Picha hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliotolewa, ulinzi wa hiyo ulishakwisha zamani. Maandishi ndiyo yenye shughuli: uhai wa mwandishi, na miaka 50 juu yake. Aliyeandika alikufa lini?

Mleta uzi: Nimeitwa MWIZI, wewe waniuliza matanga ya watu?

MahamriNaMbaazi: Si uandike tu chini “matumizi ya haki, sina nia mbaya”. Mimi huandika kila mara.

MwanaLangoni: Hayo umeyaokota kwenye video za Wamarekani. Na hata kwao, kifungu cha 107 cha sheria yao ya hakimiliki, mahakama hupima mambo manne, haisomi dua uliyoandika chini. Kwetu yanayoruhusiwa bila idhini ni utafiti, matumizi binafsi, uhakiki au habari za sasa, na utaje chanzo.

MahamriNaMbaazi: Wakili wa bure ana maneno.

KofiaYaVito: Mleta uzi, ulipoitwa mwizi ulijibu nini?

Mleta uzi: Nilikohoa.

KofiaYaVito: 😂😂😂 Alikohoa!

BintiShela: Afadhali yako. Picha ya harusi ya dada yangu iko kwenye tangazo la nyumba ya wageni, ati “Karibu peponi”. Dada mwenyewe hajawahi kupewa hata maji pale.

MahamriNaMbaazi: Nauli ya boti ya Mokowe mbona hamuisemi? Huo ndio wizi.

Mleta uzi: Jamani, mada! Mbele za watu, nasema!

NahodhaMstaafu: Nyinyi mna raha. Nani kamfunga punda mlangoni kwangu tena? Kala mkeka.

KofiaYaVito: Punda wa rangi gani?

NahodhaMstaafu: Punda ana rangi ngapi wewe? Sikio moja limekatwa ncha.

BintiShela: Huyo juzi alikuwa kwa shangazi, kamaliza kanga mbili kwenye kamba.