Kiti kinazama hewani, barua ya kujieleza anaandikiwa msomaji wa habari! Hii haikubaliki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni fundi mitambo katika shirika la utangazaji la umma, huu mwaka wa 14, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeikesha kwenye zamu za usiku. Jina la shirika silitaji, riziki yangu bado imo humo. Wiki hii mwenzetu, msomaji wa habari, amepewa saa 48 ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua kwa "kulidhalilisha shirika mbele ya watazamaji". Kosa lake ni kwamba alizama.

Nisikilizeni kabla hamjacheka. Kiti cha studio ya habari ni vile vya kupanda na kushuka, vyenye bomba la hewa chini ya kikalio. Bomba limekufa. Ukikikalia kinashuka polepole mno, mwenyewe hata huhisi. Anafungua taarifa ya habari, anaonekana vizuri: mabega, tai, vifungo vya koti. Tunafika habari za kimataifa, meza imemfika kifuani. Michezo inaanza, kwenye skrini kimebaki kichwa na kipande cha shingo, na yeye anasoma kwa sauti ileile, hajakosea hata silabi. Mpiga picha akawa anaishusha kamera taratibu ili amfuate. Nikamwambia mwongoza matangazo aweke ripoti tupate sekunde 20 za kumpandisha, akanijibu ripoti inayofuata haijaingia kwenye mtambo. Ikabidi tumwache azame hadi mwisho, na kwaheri akaiaga akiwa kidevu kiko juu ya karatasi zake.

Video imezunguka kwenye simu za watu, wamemtilia na muziki. Wanaocheka sina ugomvi nao, nani asingecheka? Ugomvi wangu ni na waliokaa ofisini, wakaiangalia video ileile, wakaona wa kuandikiwa barua ni yeye.

Kiti kile kiliripotiwa. Nimekiandika kwenye daftari la zamu mara 6, tarehe zipo na sahihi yangu ipo. Idara inayosimamia samani ikajibu kuwa kiti chenye bomba la hewa ni mtambo, kipelekwe kwa mafundi. Mafundi tukaomba bomba. Manunuzi wakasema kwenye rejesta ya mali kimeandikwa samani, kwa hiyo fundi hana mamlaka ya kukiombea kipuri. Akaja mkaguzi wa mali, tukajua sasa kimeeleweka, akakibandika namba mpya akaondoka. Leo kile kiti kina namba 3 za mali na bomba hakina. Niambieni, katika mlolongo huo wote, msomaji wa habari alitakiwa afanye nini? Asome amesimama? Alishawahi kuomba asome amesimama, akaambiwa kamera imepangiwa mtu aliyekaa.

Kazi yetu ina balaa moja ambalo kazi nyingi hazina: likiharibika jambo, linaharibika mbele ya watu wote, na linamwangukia yule anayeonekana. Aliyelisababisha miezi 5 iliyopita kwa kukalia fomu, hakuna kamera inayomwonyesha.

Wengi mnaijua ile ya BBC, tarehe 8 Mei 2006. Guy Goma, mzaliwa wa Kongo Brazzaville, alifika pale kwenye usaili wa kazi ya kompyuta. Siku hiyohiyo alikuwa anasubiriwa mtaalamu wa teknolojia, Guy Kewney, ahojiwe moja kwa moja kuhusu kesi kati ya Apple ya kompyuta na Apple ya muziki wa The Beatles. Kewney alikuwa mapokezi mengine. Mtu wa kipindi akaenda mapokezi siyo, akauliza Guy, Goma akaitika. Akapelekwa studio, akafungwa maikrofoni, akatambulishwa kwa jina la mwenzake. Uso wake pale alipogundua umeonekana dunia nzima, lakini alijikaza akajibu maswali. Kewney naye alikuwa bado anasubiri, akaona kwenye televisheni mtu mwingine anaitwa yeye. Baada ya hapo Goma alienda kwenye usaili wake wa kweli, na kazi hakupata. Miaka yote hii watu wanamcheka Goma. Mimi nikiitazama ile video namwona yule aliyetumwa mbio kumchukua mgeni huku dakika za kwenda hewani zinamwishia, kwenye jengo lenye mapokezi zaidi ya moja. Ile mbio naijua. Kwetu mtu mmoja anapokea wageni, anapiga simu za wahojiwa na anachapa majina yanayopita chini ya skrini. Ndiyo maana mwezi uliopita daktari wa mifugo alikaa hewani dakika 4 nzima ameandikwa "Mchambuzi wa Mpira". Kijana aliyechapa jina alikuwa kwenye zamu ya pili mfululizo. Barua aliipata yeye, na aliyepanga zamu hakuulizwa kitu.

Njooni kwenye taa nyekundu ya mlango wa studio ya redio. Taa ile ikiwaka, kila mtu anajua maikrofoni iko wazi, huingii, huongei. Balbu imeungua tangu mwaka jana. Balbu, wakuu! Tumebandika karatasi yenye maandishi TUKO HEWANI, inakaa pale saa 24, tuko hewani au hatuko, kwa hiyo hakuna anayeiamini. Matokeo yake ofisa wa uhasibu alifungua mlango katikati ya tangazo la msiba akauliza kwa sauti kubwa nani kachukua kalamu yake ya kijani. Nchi nzima ikasikia. Mtangazaji aliyekuwa anasoma lile tangazo alinyamaza sekunde mbili, akaomba radhi kwa familia ya marehemu, akaendelea kwa utulivu. Akaandikiwa barua yeye, kwa "kushindwa kudhibiti mazingira ya studio". Siku ile nilitetemeka kwa hasira, na nikiikumbuka bado natetemeka. Mfiwa yule ndiye aliyestahili kuombwa radhi na shirika, kwa barua yenye muhuri, na mpaka leo hakuombwa.

Mashirika mengine yanajua kuubeba mzigo wao. Novemba 2020 tovuti ya RFI, redio ya umma ya Ufaransa, ilichapisha kwa makosa tanzia za watu mashuhuri wengi waliokuwa hai, Malkia Elizabeth na Pelé wakiwamo. Vyumba vya habari vikubwa huandaa tanzia mapema, ni jambo la kawaida. Walikuwa wanahamishia tovuti kwenye mfumo mwingine, zikafumuka zote. Waliomba radhi kwa jina la shirika na kueleza kuwa ni tatizo la kiufundi. Ingekuwa kwetu, angetafutwa mwanafunzi wa mafunzo kazini aliyepita karibu na kompyuta siku hiyo.

Halafu kuna saa. BBC walianza kurusha ile milio sita ya kuhesabu saa Februari 1924, ikitoka kwenye kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich, Uingereza, ili msikilizaji popote alipo arekebishe saa yake kwa redio. Miaka mia moja na ushee imepita. Sisi saa ya chumba cha mitambo na ya studio zinapishana sekunde 40. Mtangazaji anasema "sasa ni saa mbili kamili", anamaliza, kisha mtambo unapiga mlio wa saa mbili kamili. Kuna bibi mmoja msikilizaji wetu hupiga simu kila wiki kuuliza afuate saa mbili ipi. Anauliza kwa heshima kabisa, na mimi naona aibu kumjibu.

Na ripoti zisipofika? Ijumaa Kuu ya mwaka 1930, tarehe 18 Aprili, msomaji wa BBC aliwaambia wasikilizaji kuwa hakuna habari, kikapigwa kinanda. Watu huisimulia kama kichekesho. Mimi nawaheshimu, walisema ukweli. Kwetu ripoti zikichelewa msomaji anaamriwa "vuta muda", arudie muhtasari, ndiyo maana juzi mlisikia kichwa kilekile mara 3 mkadhani amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa, anamsikiliza mhariri wa zamu sikioni anayempigia kelele "subiri, subiri, bado, bado".

Sasa msinijibu kwamba kila kazi ina changamoto. Neno hilo nimelisikia kwenye vikao mpaka limenikinai. Hili ni shirika la umma, linaendeshwa kwa fedha za watu haohao wanaoliona likizama hewani, na wana haki ya kujua kwamba wasomaji na watangazaji wanaowacheka ndio wanaolishikilia lisimame. Nimemwona mtu akisoma habari huku jasho linamtiririka kwa sababu kiyoyozi kimekufa na taa za studio ni za zamani zile za moto mkali. Nimemwona mwingine akimaliza kipindi cha watoto akiwa na homa kwa kuwa wa kumpokea hakuwepo. Hakuna video ya hao.

Ninachodai ni kwamba kabla mtu wa hewani hajaandikiwa barua, lifunguliwe daftari la zamu. Likionyesha kasoro iliripotiwa, barua iende kwa aliyeikalia ile taarifa, kwa jina na cheo chake. Daftari lipo, liko juu ya meza ya chumba cha mitambo, limefungwa kwa kamba lisipotee. Tangu nianze kazi sijawahi kuona kiongozi akilifungua.

Mlioko kwenye mashirika ya umma mengine, semeni na ninyi, kwenu barua wanaandikiwa akina nani? Na kama kuna mtu anajua sheria za kazi, naomba aniambie kama fundi anaweza kuingia kwenye kikao cha nidhamu kama shahidi bila kuitwa. Kikao cha mwenzetu ni Alhamisi asubuhi. Nimeshapiga picha kurasa zote 6 za daftari, na jana jioni nilimkabidhi nakala mkononi. Alizipokea, akashukuru, kisha akaenda studio kusoma taarifa ya usiku kwenye kiti kilekile. Safari hii tumemwekea chini yake vitabu vinne vya orodha ya simu.