Somalia 1992: walikuja na chakula, vita na Aidid ilitoka wapi?

Mdadisi_Moro:
Shikamooni wakubwa. Tulifundishwa kwamba Marekani iliingia Somalia Desemba 1992 kuokoa watu na njaa, ikaondoka baada ya helikopta mbili kuangushwa Mogadishu. Hapo katikati sielewi. Mleta chakula anafikaje kupigana na mji? Aliyekuwepo miaka ile naomba anieleze.

Kuli_Changamwe:
Marahaba mwanangu. Agosti 1992 nilikuwa kuli uwanja wa ndege wa Mombasa. Tulijaza magunia ya nafaka kwenye C-130 za Wamarekani mpaka migongo ikafa ganzi, ndege zikaenda Baidoa na kwingineko. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kile chakula kilikuwa uongo. Nimekibeba mimi.

Shida ilikuwa kinakoshukia. Wenye bunduki walikipora na kukitoza ushuru. Ndipo Rais Bush mzee wa Marekani akapeleka askari, Wamarekani kama 25,000 na mataifa mengine. Walitua ufukweni Mogadishu alfajiri ya Desemba 9, kamera za televisheni zinawangoja. Njia zikafunguka, chakula kikafika. Hilo nawapa haki yao.

Hapo katikati unapopauliza ni Mei hadi Julai 1993. Mei 4 Umoja wa Mataifa ulishika usukani, Wamarekani wengi wakarudi kwao. Waliobaki ni wachache, lakini kazi ikaongezwa: kunyang'anya watu silaha, kuunda serikali upya. Juni 5 wanajeshi 24 wa Pakistan waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa wakauawa. Kesho yake Baraza la Usalama likaamuru wahusika wakamatwe, na msako ukageuka wa mtu mmoja, Jenerali Aidid, mbabe wa vita wa Mogadishu ambaye watu wake ndio waliolaumiwa.

Halafu Julai 12. Helikopta za Marekani zilipiga makombora nyumba moja Mogadishu, ndani wamekaa wazee wa Habar Gidir, ukoo wa Aidid, kwenye kikao. Walikufa makumi. Mwanangu, kuna Wasomali ninaofanya nao biashara hadi leo ambao siku hiyo hawaisemi kwa sauti ya kawaida. Ukishaua wazee kikaoni, kila nyumba ina kisasi nawe, hata ile iliyopokea gunia lako. Kwangu mimi vita ilishindwa pale.

Oktoba 3 na 4, zilipoangushwa zile helikopta mbili, walikufa Wamarekani 18 na Wasomali mamia. Oktoba 7 Rais Clinton, aliyempokea Bush, akatangaza askari wake watakuwa wametoka ifikapo Machi 31, 1994. Wakatoka.

Binti_Barawa:
Ahsante mzee wangu kwa kuitaja Julai 12, wengi huanzia kwenye helikopta. Sisi wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, wasema Chimwini, Kiswahili cha kwetu, tulikuwa tumeshakimbilia Mombasa kwa jahazi. Baba aliposikia Wamarekani wametua, alimwambia mama afunge vyombo turudi. Mama akamuuliza, "Nao watakaa mpaka lini?" Hakuna aliyemjibu. Sufuria zilikaa kwenye gunia miezi, tukipika kwa moja tu.

Mdadisi_Moro:
Kwa hiyo Umoja wa Mataifa ulibaki peke yake?

Kuli_Changamwe:
Mpaka Machi 1995, na hata kuondoka kwao kulilindwa na meli za Marekani. Serikali haikuwepo walipoingia, haikuwepo walipotoka. Binti, baba alirudi Barawa?

Binti_Barawa:
Hakurudi. Kaburi lake liko Kikowani, Mombasa.