Ribiti ya kisahani cha hewa kwenye jiko la mkaa imelika, nifanyeje?

mchoma_changu
Assalaam alaykum. Nina jiko la mkaa la duara lenye mfuniko, nalichomea samaki hapa Nungwi. Juu ya mfuniko pana kile kisahani cha kuzibia matundu ya hewa, kimeshikwa na ribiti moja katikati. Ribiti imelika, pembeni ina unga mweupe, na kisahani kinacheza. Nikikiacha nusu, kaskazi ikipiga kinafunguka chote, mkaa unakwisha na changu hajaiva. Fundi mmoja anataka kukichomelea. Nimkubalie? Jiko hili ndilo riziki yangu.

fundi_bati
Waalaykum salaam. Usikubali, yakhe! Moto wa kuchomelea utabambua enameli, na bati likishakuwa tupu kwenye hewa ya chumvi, kutu haina mswalie mtume. Tena kisahani hakitazunguka abadan.

Huo unga mweupe ni aluminiamu inaliwa. Ikigusana na chuma penye chumvi na unyevu, yenyewe ndiyo huliwa mwanzo. Bandika solatepu juu ya enameli ili biti ikiteleza isikwaruze, kisha toboa kichwa cha ribiti kwa drili, taratibu. Ribiti ikizunguka pamoja na biti, ishike kwa koleo upande wa ndani. Ikishatoka, weka boliti ya stenlesi na washa mbili.

mpemba_wa_wete
Mie ningepiga ribiti nyengine tu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, mfuniko haufiki huko. Ila kwanza tia kipande cha boksi baina ya kisahani na mfuniko, ndipo ubane. Ukimaliza lichane ulitoe, utabaki upenyo wa kuzungukia. Bila ya hilo boksi kitakamatana kisitikisike.

fundi_bati
Hilo la boksi zuri, nalikubali. Lakini kwa Nungwi, bahari ipo pale, aluminiamu ataibadilisha tena na tena. Na matundu ya chini karibu na mkaa, aluminiamu asiweke kabisa, wala boliti ya kupakwa zinki. Zinki huyeyuka nyuzi 420 tu.

mchoma_changu
Ahsanteni sana. Naenda na boliti. Ya ukubwa gani? Na dukani wamenipa nati yenye plastiki kwa ndani.

bi_jikoni
Kaka, hiyo nati irudishe, plastiki haistahamili joto hilo. Chukua nati mbili za kawaida, ya pili iifunge ya kwanza.

Pima tundu kabla hujanunua. Kama ribiti ilikuwa ya milimita 4.8, boliti ya 5 itaingia ukilipanua kidogo. Ya 4 itacheza, uwe hujafanya kitu. Kichwa cha boliti kikae ndani na nati nje, zikilegea zisimdondokee samaki wa mteja. Kaza mpaka kisahani kibaki pale unapokiacha, lakini ukikisukuma kwa kidole kizunguke.