William Hoy anastahili Ukumbi wa Magwiji wa besiboli au la?

Mleta mada: Wadau, naomba hoja zenu. William Hoy wa Ohio, Marekani, alizaliwa 1862, akawa kiziwi utotoni kwa homa ya uti wa mgongo. Alikuwa fundi viatu kabla ya kuingia ligi kuu 1888 na timu ya Washington, na msimu huohuo akaongoza ligi yake kwa kuiba besi 82, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri pigo la mwenzake. Juni 19, 1889, akiwa uwanja wa nje (eneo la walinzi walio mbali na mpigaji), mara tatu katika mechi moja alirusha mpira hadi besi ya nyumbani, kituo cha mwisho cha kupata pointi, na kumtoa mkimbiaji! Hadi anastaafu ligi kuu 1902 alikuwa na mapigo yaliyomfikisha kwenye besi zaidi ya 2,000. Tommy McCarthy, wa zama hizohizo na pia wa uwanja wa nje, hakufikisha 1,500, lakini yumo Cooperstown, yaani kwenye huo Ukumbi wa Magwiji, tangu 1946. Hoy hayumo. Kwa nini?

Mchangiaji: Mkuu, kama McCarthy aliingizwa kimakosa, tusirudie kosa. Mpime Hoy kwa Billy Hamilton, gwiji mwingine wa uwanja wa nje wa zama hizo: wastani wa kupiga (sehemu ya majaribio yake iliyozaa mapigo) 0.344, wakati Hoy hafiki 0.290. Halafu hizo besi 82 ziangalie vizuri. Kabla ya 1898, mkimbiaji aliyejiongezea besi kwa pigo la mwenzake naye alihesabiwa ameiba. Naona wengi wanavutwa na simulizi kwamba waamuzi walianza ishara za mikono kwa ajili yake.

Mleta mada: Ndugu yangu, kanuni hiyo ndiyo iliyomnufaisha Hamilton pia, na 1888 iliwahusu wote, bado Hoy aliwapita. Simulizi ya waamuzi siitegemei. Aliyemwonyesha Hoy ishara alikuwa kocha wa timu yake karibu na besi ya tatu: mkono wa kulia kama mwamuzi ameuita mpira uliorushwa kuwa mzuri (unaohesabiwa dhidi ya mpigaji), wa kushoto kama ameuita mbovu. Ninachotaka kipimwe ni ulinzi wake. Anayecheza katikati ya uwanja wa nje husikiliza mlio wa gongo na kelele za wenzake wanaokimbilia mpira uleule. Hoy hakuwa na hayo. Walipatana kwamba akiutaka mpira atoe sauti yake nyembamba, wenzake wapishe. Asipotoa, ni wao. Amecheza hivyo karibu mechi 1,800. Jedwali la wastani wa kupiga halina safu ya kazi hiyo.

Mchangiaji: Hapo nakuelewa. Lakini Cincinnati walishamwingiza kwenye ukumbi wa klabu yao 2003. Kwangu hiyo ndiyo saizi yake.

Mleta mada: Cincinnati ni klabu moja kati ya alizochezea. Alicheza pia Washington, Buffalo, St. Louis, Louisville, na Chicago iliyotwaa ubingwa 1901. Wengine mnasemaje?