Hijabu na upinzani nchini Iran

Swali: Ndugu zangu, inakuwaje wanawake wa Iran walijitanda chadori, vazi refu la kufunika mwili mzima, kumpinga Shah, yaani mfalme wao, kisha wakavua mtandio kuwapinga waliomwondoa?

Jibu: Mara zote mbili dola ndiyo iliyoamuru. Mwaka 1936 Reza Shah alipiga marufuku hijabu, polisi wakawavua wanawake barabarani. Ndiyo maana mwaka 1978, wakimpinga mwanawe Mohammad Reza Shah, hata wasioivaa kwa kawaida waliandamana wamejitanda.

Jibu: Naongeza kwamba Machi 1979, wiki chache baada ya mapinduzi yaliyomwondoa Shah, maelfu ya wanawake waliandamana Tehran kupinga kulazimishwa kuvaa hijabu. Desemba 2017 Vida Movahed alisimama juu ya kisanduku mtaani, kichwa wazi, akipeperusha kimya mtandio mweupe kwenye fimbo.

Jibu: Mimi navaa hijabu kwa imani yangu, na kifo cha Mahsa Amini, msichana aliyekamatwa kwa madai ya kutovaa hijabu ipasavyo, mikononi mwa polisi mwaka 2022 kiliniuma mno.